Uji wa Daktari Paek na Karatasi Mbili Mlangoni

Meneja wetu wa sasa, kijana mwenye adabu zake, aliniomba kabla sijaaga niwaachie wapishi wapya kurasa mbili kuhusu jiko: swichi ipi ya oveni ni ya uongo, friji ipi hunguruma bila kugandisha, mlango upi haufunguki mpaka upigwe teke. Hayo nimeyaandika na kuyabandika ndani ya kabati la sukari. Hapa nataka kuwaandikia habari za uji. Mtashangaa mtu apike miaka kumi na saba katika nyumba ya wazee kusini mwa London, halafu alichobaki nacho kichwani ni uji. Nami nashangaa, lakini ndivyo ilivyo.

Niliingia pale mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikitokea Tanga kwa njia ambazo si za kuandikwa hapa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha sufuria. Mpishi mkuu alikuwa Mwingereza aitwaye Reg, aliyewahi kuwapikia mabaharia kabla ya kuja kuwapikia wazee, na hakuona tofauti kubwa kati ya makundi hayo mawili isipokuwa kwamba wazee walitukana zaidi. Siku yangu ya pili treni yake ilichelewa, nikaambiwa nipike poriji, uji wao mzito wa asubuhi. Nikakuta oti kwenye mfuko, zimepondwa bapa kama makapi. Nikajiambia, nafaka ni nafaka. Nikapika uji kama wa mama yangu wa kufungulia saumu: mwepesi, wa sukari, na pilipili manga ya kuchangamsha koo. Nikaumimina kwenye vikombe ishirini na sita na kuupeleka ungali moto.

Bibi mmoja wa Kiskoti alichungulia kikombe chake akauliza ni nani aliyesuzia brashi humo. Mzee aliyeketi jirani yake akapiga chafya mpaka meno yake ya bandia yakatua mezani. Reg alipofika hakunigombeza. Alipika poriji upya, akasimamisha kijiko katikati ya bakuli, kijiko kikasimama wima kama askari wa zamu, akanitazama kuhakikisha nimeelewa. Nilielewa. Tangu siku hiyo nikawa napika poriji ya kusimamisha kijiko, na nyumbani kwangu Thornton Heath nikaendelea kunywa uji kama binadamu.

Reg alinifundisha mengi: kunoa kisu kwenye kitako cha sahani, kunusa maziwa kabla ya kusoma tarehe yake, na kutomwamini mtu yeyote anayeingia jikoni akiwa na faili mkononi. Alipostaafu nikachukua nafasi yake, na mwiko wangu wa mti, nilioununua sokoni Woolwich, ukachukua nafasi ya mashine yake ya kukorogea. Wakati huo alikuwa ameshaajiriwa Mama Furaha, mama wa Bukavu, mhudumu wa wazee wa zamu ya asubuhi. Alikuwa mcha Mungu, mwenye kicheko cha kusikika ghorofa ya pili, na mkweli kiasi cha kutia watu hasara. Kumbukeni ukweli wake, maana ndio uliotuponza.

Basi, mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini tukaletewa Daktari Paek. Alikuwa Mkorea wa miaka themanini na ushei, mwembamba, mgongo umenyooka, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Kwao Seoul alikuwa mganga wa tiba za jadi, zile za kushika mishipa, kuchoma sindano na kuchemsha mizizi, na watu walipanga foleni kwenye ngazi zake tangu alfajiri. Mkewe alipofariki alimfuata binti yake wa pekee, Sunmi, aliyekuwa akiuza kwenye duka la chakula huko New Malden, ambako Wakorea wengi wanaishi. Sunmi alikuwa na chumba kimoja, ngazi tatu, na siku moja ya mapumziko kwa wiki, Jumapili. Baba akaanguka mara mbili kwenye zile ngazi, ndipo akaja kwetu, safari ya basi mbili kutoka kwa bintiye.

Asubuhi ya kwanza nilimpelekea poriji. Ikarudi haijaguswa, na juu ya leso ya karatasi ameandika kwa mwandiko mzuri neno moja la Kiingereza: "Cold." Nikaipasha moto nikairudisha. Ikarudi tena: "Still cold." Nikachomeka kipimajoto, kikasoma joto la kuunguza ulimi. Kesho yake nikapika ya moto zaidi. Leso ikasema: "Wet." Poriji, jamani, imeambiwa ni mbichi kwa maji! Siku ya nne niliipika huku nasaga meno, na leso ikarudi na hukumu ambayo sijaisahau: "Cooked by angry man."

Nilivua aproni nikamfuata chumbani.

"Mzee," nikamwambia kwa Kiingereza changu cha wakati ule, "mimi siyo angry."

Alinishika kifundo cha mkono, akaweka vidole vitatu juu ya mshipa, akafumba macho. Mimi nimesimama kama mwizi. Akanyanyua kidevu chake, ishara kwamba nitoe ulimi. Nikautoa. Akautazama kwa masikitiko.

"Stomach cold," akasema. "Liver hot. You fight with somebody in house."

Kweli nilikuwa nimegombana na mke wangu asubuhi ile juu ya mlango wa kabati la nguo. Baadaye nilifikiri nikaona kwamba nusu ya wanaume wa Thornton Heath wametoka nyumbani wamegombana na mtu, kwa hiyo hakuwa na la kupoteza. Lakini habari ilienea. Wiki ile wahudumu walipita chumbani kwake mmoja mmoja, wakitoka wanatazamana ndimi kwenye korido. Mama Furaha aliambiwa tumbo lake ni la moto, apunguze pilipili. Akaniambia, akiniita kwa jina la mwanangu kama kawaida yake, "Papa Zuhura, hii muzee iko anajua vitu. Lakini pilipili miye siachi."

Alijua vitu, ila hakuwa anakula. Chakula cha mchana kilirudi, cha jioni kilirudi, alikunywa chai tupu na kutafuna vipande viwili vya biskuti. Wiki mbili zikapita. Kola ya shati ikaanza kuzunguka shingoni kama kitanzi. Meneja wetu wakati ule, Bi Maureen, akaagiza zibandikwe karatasi mbili nyuma ya mlango wake: ya manjano ya kuandika chakula alichokula, ya buluu ya kuandika alichokunywa. Akasema wazi kwamba hali ikiendelea hivyo mzee hawezi kubaki kwetu, maana sisi hatukuwa na wauguzi. Kulikuwa na kitanda katika nyumba yenye wauguzi kwenye mji mmoja wa pwani, saa mbili na nusu kwa treni. Sunmi alipoambiwa Jumapili ile alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha baba yake akihesabu kwa vidole: treni ya kwenda, treni ya kurudi, duka kufunguliwa Jumatatu alfajiri. Akahesabu mara mbili. Halafu akaacha kuhesabu, akalia bila sauti, na baba yake akawa anatazama dirisha.

Nilikwenda nikapiga magoti mbele ya yule binti kama niko ukweni. Nikamwambia, "Dada, muulize baba, hii oti anataka nimpikieje? Aseme neno kwa neno. Mimi nitaandika."

Mzee aliongea nusu saa, binti anatafsiri, mimi naandika nyuma ya oda ya mkate. Oti, akasema, haina ubaya. Ni nafaka tamu, tulivu, si ya moto wala si ya baridi. Inasaidia tumbo kufanya kazi yake na inalainisha choo cha wazee. Ubaya ni wa mpishi. Kwanza ikaangwe kavu mpaka inukie, ndipo unyevu wake utoke, maana unyevu ndio unaojaza tumbo gesi. Ikishakaangwa ichemshwe na maji, taratibu, saa nzima, siyo ile mikrowevu yenu ya dakika mbili. Maziwa ya friji ni kumwaga barafu kwenye jiko la mkaa. Tumbo la mzee ni la baridi, basi itiwe tangawizi. Tumbo la kijana mwenye hasira, tangawizi ipunguzwe. Hapo alinitazama. Iwe nyepesi, ipite kooni yenyewe. Na iliwe asubuhi kati ya saa moja na saa tatu, saa ambazo tumbo ndilo lenye zamu mwilini.

Nilisikiliza, na kadiri alivyoendelea ndivyo nilivyozidi kumwona mama yangu. Nafaka ya kukaanga, maji, tangawizi, wepesi wa kupita kooni. Mkorea wa watu anazungusha habari mpaka kwenye mishipa na zamu za mwili, kumbe anataka uji! Kisha Sunmi akatoa mkobani pakiti ya matunda makavu mekundu ya kuchemshia humo, dawa ya kutuliza moyo na kulaza usingizi. Nikaonja moja, nikacheka peke yangu. Zilikuwa kunazi. Kunazi zile zile tulizokuwa tukizirushia mawe utotoni, ila hizi kubwa na zimekaushwa vizuri. Nimevuka bahari ngapi kuja kupewa kunazi na Mkorea.

Kesho yake nilifika jikoni mapema kuliko kawaida. Nikakaanga, nikachemsha, nikakoroga kwa mwiko wangu bila hasira, na kwa usalama zaidi nilikuwa nimemuomba radhi mke wangu. Mama Furaha akaubeba kwenye bakuli. Aliporudi, bakuli lilikuwa jeupe. Leso ilisema: "Not yet good."

Sikuwahi kusifiwa vizuri namna ile. Tukaendelea. Mchana nikawa nampikia uji wa mchele na kuku aliyechambuliwa nyuzi nyuzi, jioni uji wa oti wenye yai na mafuta ya ufuta. Bakuli tatu kwa siku, na Mama Furaha anashuka ngazi anaimba. "Papa Zuhura, anamaliza yote! Hata tone haibakie!" Mashavu ya mzee yakaanza kurudi mahali pake. Alianza hata kushuka kwa lifti na kigari chake cha kutembelea mpaka kwenye kidirisha cha jiko, kunikagua. Nilikuwa na furaha, nasema kweli. Mtu akipika miaka mingi chakula cha kurudishwa nusu, bakuli tupu linampa kiburi.

Wiki tatu baadaye Bi Maureen akaitisha kikao. Alikuja ofisa wa ustawi wa jamii, mama mwembamba mwenye kikombe kikubwa cha kahawa na faili kubwa zaidi, na Sunmi, aliyeomba ruhusa ya saa mbili dukani. Mzee akaketishwa kwenye kiti chenye mizani. Kikao kilikuwa sebuleni, ukuta mmoja na jiko, na kidirisha changu kilikuwa wazi. Sikuwa na wasiwasi wowote. Nilijua wamekuja kunipongeza.

Bi Maureen akafungua karatasi za manjano, akasoma. Jumatatu, asubuhi, amekataa. Mchana, amekataa. Jioni, amekataa. Jumanne, amekataa. Akasoma wiki tatu nzima. Akasema kwa majonzi, na nadhani yalikuwa majonzi ya kweli, kwamba mgonjwa huyu hajala chakula kwa siku ishirini na moja, na kitanda cha pwani kingemsubiri mpaka Ijumaa tu.

Mwiko ulinitoka mkononi.

Ofisa akatazama mizani. "Lakini ameongezeka kilo mbili," akasema.

"Haiwezekani," akasema Bi Maureen. Akabadilisha betri. Kilo mbili. Akamwondoa mzee, akakaa mwenyewe, akaisoma ile namba, akasimama upesi akatangaza kwamba ile mizani ni mbovu kabisa na haifai kutumika.

"Anakunywa?" akauliza ofisa.

"Ah, kunywa anakunywa sana!" Akafungua karatasi za buluu. "Asubuhi, buyi, mililita mia nne. Mchana, buyi, mililita mia nne. Jioni, buyi. Kila siku, buyi. Nafikiri ni chai yao ya Kikorea."

Sunmi akasema hajawahi kusikia chai hiyo maishani.

Buyi, kwa watu wa Bukavu, ni uji. Mama Furaha ni mkweli. Poriji rasmi ilipopita na toroli asubuhi, mzee aliikataa, naye aliandika kwenye karatasi ya chakula: amekataa. Nyama na viazi vikapita, amekataa, ameandika. Kisha akampa bakuli la uji, mzee akalinywa, na kitu kinachonywewa huandikwa wapi? Kwenye vinywaji. Msimcheke. Mimi nilipita nyuma ya mlango ule kila siku, nikazisoma karatasi zote mbili, nikaona kila kitu kiko sawasawa. Kwetu uji unanyweka. Mtu wa Tanga akikuambia ameula uji, utamuuliza kama anaumwa. Na wahudumu wa zamu nyingine walinakili walichokikuta, kama ilivyo desturi ya wahudumu duniani kote.

Niliogopa, sitawaficha. Kupika nje ya menyu ilikuwa kosa. Kutia mitishamba isiyo na lebo kwenye chakula cha mgonjwa ilikuwa kosa la kufukuzwa, na mimi nilikuwa na watoto watatu. Nilisimama nyuma ya kidirisha nikifikiria kukifunga polepole. Kisha nikamwona Sunmi anaanza tena kuhesabu kwa vidole, zile treni zake. Nikatoka.

"Madam," nikasema, "buyi ni porridge. Mimi ndiye ninayeipika."

Bi Maureen akamwita Mama Furaha, akaja anajifuta mikono.

"Furaha, hii buyi ni porridge?"

"Yes, madam."

"Kwa nini hukuandika kwenye food chart?"

Mama Furaha akamtazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua haikuandikwa kwenye daftari la jua. "Madam, porridge we drink." Kisha akanigeukia mimi: "Papa Zuhura, umuelezee. Buyi banakulaka? Buyi banakunywaka!"

"Hata hii ya mchana?" ofisa akauliza. "Ilikuwa na nini ndani?"

"Kuku," nikasema.

"Mnakunywa kuku?"

"Akiwa kwenye uji, ndiyo."

Ofisa akaweka kalamu chini. Wakati huo Daktari Paek, ambaye mpaka hapo alikaa kana kwamba kikao ni cha mtu mwingine, akanyoosha mkono akamshika yule mama kifundo cha mkono. Vidole vitatu. Macho yakafumbwa.

"Stomach very cold," akatangaza. "Coffee, coffee, no breakfast. Bad sleep." Halafu akanigeukia, mara ya kwanza kuniamuru bila leso: "Mister Cook. Bring."

Nilileta bakuli la uji wa asubuhi uliobaki, nimeupasha moto, na kunazi mbili juu. Yule mama alichukua kijiko kwa adabu, akaonja. Akaonja tena. Kijiko cha tano akakiweka kando, akashika bakuli kwa mikono miwili, akalinyanyua mdomoni, akalimaliza mpaka chini. Mama Furaha akanikanyaga mguu kwa furaha.

"Umeona, madam?" akasema. "Umekunywa."

Ofisa akajifuta mdomo, akamwambia Bi Maureen kwamba haoni sababu ya kumhamisha mtu anayenenepa. Akafunga faili. Sunmi hakuelewa mara moja, ilibidi niseme mara mbili, "Dada, baba anabaki, anabaki hapa." Akanishika mikono yangu yote miwili, yenye unga na tangawizi, akaiinamia mpaka paji la uso wake likagusa vidole vyangu. Mimi mwanamume mzima nikajifanya nimesikia kitu kinaungua jikoni.

Barua ya onyo nilipata, kwa ajili ya kunazi zisizo na lebo. Iko nyumbani, nimeihifadhi vizuri kuliko vyeti vyangu. Ila Bi Maureen, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikaa wiki nzima akijiuliza kitu hiki kiandikwe wapi, chakula au kinywaji, na hakupata jibu. Mwishowe akachapisha karatasi mpya ya wazee wote, yenye safu tatu: Chakula, Kinywaji, Uji. Neno la tatu kwa Kiswahili kabisa, maana Mama Furaha alikubali kwa shingo upande kuacha buyi ili mimi nisinune. Wahudumu wa Kiingereza wakalitamka kila mmoja kwa namna yake, na baada ya mwaka mmoja wazee kumi na moja walikuwa kwenye safu ya tatu, akiwemo yule bibi wa Kiskoti, aliyetaka wake utiwe chumvi.

Daktari Paek alikaa nasi miaka minne zaidi. Uji wangu haukuwahi kuwa mzuri kwake, ila ulifika kiasi cha "Almost." Alipoanza kuondoka duniani ilikuwa polepole, bila maumivu, na daktari wa hospitali alisema asisumbuliwe. Asubuhi ya mwisho ilikuwa Jumatano. Nilimpigia Sunmi simu, akapanda basi zake mbili, akafika kabla uji haujapoa, akanichukulia bakuli mikononi, akaingia, akafunga mlango. Baadaye, tulipokuwa tunakisafisha chumba, Mama Furaha aliniita nije nisome karatasi. Kwenye Chakula hapakuwa na kitu. Kwenye Kinywaji hapakuwa na kitu. Kwenye Uji, kwa mwandiko ambao haukuwa wa mhudumu yeyote, paliandikwa: vijiko vitatu, nimemlisha mimi, binti yake.